Tundu la Jana

Kabla sijasema neno baya juu ya shemeji yangu, na nitasema mengi, niweke hili wazi: hajawahi kuruka sindano. Tangu alipoambiwa vidonge havimtoshi tena na akaanza kujidunga insulini, hajawahi kuisahau, hajawahi kusema ameichoka, hajawahi kuisingizia safari. Asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya chakula, anaingia chumbani, anafunga mlango, anatoka. Mtu mwenye nidhamu kiasi hicho ukimwona sukari yake inapanda mwezi baada ya mwezi, utafikiri nini? Utafikiri alichofikiri dada yangu. Kwamba anakula kwa siri.

Shemeji ni fundi wa makochi, na mtaani jina lake ndilo hilo, Makochi. Jina alilopewa na wazazi wake amelizoea kidogo sana, kiasi kwamba likiitwa kliniki dada inabidi amguse bega. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yao, mlango unaotazama barabara, gundi inanuka mpaka kwa jirani, na vumbi la sponji limetanda juu ya kila kitu pamoja na redio. Siku hizo dada alikuwa akisubiri mumewe atoke, anaingia karakanani na kuanza kupekua. Alipekua makopo ya misumari. Alipekua matumbo ya makochi ya watu, akiingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akitafuta biskuti. Hakupata hata chembe, na kutopata kukamthibitishia kwamba mume wake ni mjanja kuliko alivyodhani.

"Mwambie dada yako anaonea watu," Makochi aliniambia siku moja, ingawa dada alikuwa amekaa hapo hapo.

"Mwambie mashine ya kupimia sukari haina ugomvi na mtu," dada akajibu, naye akinitazama mimi.

Ndivyo walivyokuwa wakiongea, mimi katikati kama posta.

Wakigombana hivyo, macho nayo yalikuwa yanaondoka. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limetangulia. Alihamisha meza yake ikawa karibu kabisa na mlango apate mwanga, na akawa akiona mtu anapita anamwita amtungie uzi kwenye sindano. Watu walimtungia. Daktari wa macho hakumkatisha tamaa. Alimwambia upasuaji wenyewe ni mdogo, wengi wanatoka wakiona. Ila sukari ishuke kwanza, kwa sababu jicho likipasuliwa sukari ikiwa juu vile, kidonda hakina dhamana. Akampa tarehe. Tarehe ikafika, wakapima, sukari juu, wakamrudisha. Akapewa tarehe nyingine, nesi wa kliniki ya sukari akampandishia dozi ya insulini, dada akampunguzia chakula mpaka sahani ikawa inaonyesha maua yake. Wakapima. Wakamrudisha tena.

Siku aliporudishwa mara ya pili nilikuwepo. Hakumfokea mtu, na kwa Makochi kutofoka ni dalili mbaya. Alikaa kwenye kochi la mteja ambalo hata kitambaa halijavaa, akashika mikono yake, akasema, "Basi nitakuwa fundi wa kupapasa." Dada akatoka nje akajifanya anaanua nguo. Niliogopa siku ile. Nilimjua shemeji miaka yote akiwa na kazi mkononi, na sikuweza kumwona akilini mwangu bila hiyo kazi.

Mimi mwenyewe nina kisukari, cha vidonge, na nilikuwa nimeshajiunga na kikundi cha mtaani. Nilikuwa nimemsihi aje muda mrefu, akinijibu kwamba yeye hana haja ya kwenda kukaa na watu wanaosimuliana magonjwa. Safari hii sikumsihi. Nilimwambia, "Kesho mchana nakuja kukuchukua, uvae shati safi." Akaja, shingo upande, lakini akaja.

Kikundi kinakutana kwenye darasa la chekechea, watoto wakishaondoka. Viti ni vya watoto, kwa hiyo watu wazima wenye magonjwa ya heshima tunakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Anayetuongoza tunamwita Mama Posta. Alikuwa karani wa posta mpaka alipostaafu, ameishi na kisukari miaka mingi kuliko sote, na kliniki ndiyo iliyompa mafunzo ya kuja kutufundisha sisi. Bado anasema "anayefuata" ukimaliza kuongea. Kanuni yake ni moja na anairudia kila tunapokutana: hapa hatuonyeshani tulivyofundishwa, tunaonyeshana tunavyofanya nyumbani. Kama unakula umesimama jikoni, simama utuonyeshe. Kama unakata kucha za miguu kwa wembe, lete wembe.

Makochi alihudhuria vikao vya kwanza kama mtu aliyekuja kukagua. Cha miguu alikibishia, cha chakula alikibishia zaidi, maana alikuwa na uchungu. Kisha ikafika siku ya sindano.

Wanaotumia insulini waliitwa mbele mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alionyesha kwenye mkono. Kinyozi wa kona alipandisha fulana bila aibu akaonyesha tumboni. Ikawa zamu ya shemeji, naye akasimama, akanitazama mimi, akakaa.

"Sifunui tumbo mbele ya shemeji yangu," akasema.

"Mficha uchi hazai," Mama Posta akamwambia.

"Nimeshazaa wanne. Wananitosha."

Darasa likacheka, naye akafurahi kwamba amemweza. Mama Posta hakubishana. Alikwenda kwenye mkoba wake akatoa sponji ya kuoshea vyombo, mpya, akampa pamoja na sindano na kichupa cha maji. "Basi hili ndilo tumbo lako. Fanya kama nyumbani."

Kumpa Makochi sponji ni kumpa mvuvi samaki wa dukani. Aliibonyeza, akainusa, akatuambia imekatwa kutoka kwenye godoro bovu. Halafu akafanya kazi, na nikiri kwamba ilikuwa kazi nzuri. Alinawa mikono. Alivuta maji, akagonga sindano kwa ukucha mapovu yakapanda, akayatoa, akasoma alama kwa kuisogeza karibu na jicho la kushoto. Akadunga, akasubiri kidogo kabla ya kuchomoa, kama tulivyoelekezwa. Kinyozi akasema, "Huyu hana makosa."

"Vizuri sana," Mama Posta akasema. "Tuseme hiyo ilikuwa jana. Sasa nionyeshe ya leo."

Shemeji akachukua sindano nyingine. Lakini safari hii hakudunga. Aliipeleka sponji dirishani, akaigeuza huku na huku, akaipapasa kwa ncha ya kidole, akaisogeza mpaka ikagusa pua. Tukasubiri. Mimi nilidhani ni macho yanamsumbua nikaanza kuona huruma.

"Unatafuta nini?" Mama Posta akamuuliza.

"Tundu."

"Tundu gani?"

"La jana," akasema, kama mtu anayeulizwa jina la mama yake.

Tulitazamana. Yeye alichukulia hilo kuwa ni ujinga wetu, akaamua kutuelimisha. Kitambaa, akasema, kinasamehe. Ukikosea mshono kwenye kitambaa unafumua, unapiga pasi, nyuzi zinarudi mahali pake. Ngozi haisamehi. Tundu ulilotoboa kwenye ngozi limetobolewa mpaka mwisho wa dunia, na ukitoboa ovyo ovyo kochi linachanika siku mteja anapokuja na wageni. Kwa hiyo fundi anayejua ngozi, sindano yake inarudi kwenye tundu lile lile. Yeye alikuwa na lake, upande wa kulia wa kitovu, na tangu alipoanza insulini hajatoboa jingine. Hakutaka kujiharibu. Alisema hivyo kwa fahari kabisa.

Mama Posta akavuta pumzi. Akamwambia kinyozi, "Njoo na wewe," na kwangu mimi akasema, "Geukia ukutani." Wakaenda nyuma ya kabati la vitabu, mimi nikabaki natazama ukuta wenye a, e, i, o, u zilizochorwa kwa rangi, nikisikiliza.

"Hii ni nini?" sauti ya Mama Posta.

"Kitambi."

"Kitambi cha upande mmoja?"

"Mungu hagawi sawa."

"Bonyeza hapa," akamwambia kinyozi, na kinyozi akasema, "Ni gumu. Ni kama ndimu."

"Linauma?"

"Haliumi kabisa," shemeji akajibu. "Ndiyo uzuri wake. Mahali pengine pangeniuma."

Waliporudi, Mama Posta alituambia sote, kwa ruhusa ya shemeji, ili na sisi tujikague. Ukidunga mahali pamoja kila siku, nyama ya pale inaota nundu. Nundu haliumi, ndiyo maana mtu analipenda, na akishalipenda harudi nyuma. Lakini dawa ukiiweka ndani ya nundu inalala humo humo. Leo itatoka robo, kesho isitoke kabisa. Hospitali wanaona sukari iko juu, wanaongeza dozi, na dozi nayo inakwenda kulala na wenzake. "Nimelijua kwa sababu na mimi ninalo," akasema, akijipiga pajani. "Mwaka mzima nililaumu kiwanda cha dawa."

Shemeji alikuwa amekaa kwenye kile kiti kidogo, sponji bado mkononi. Hakutafuta neno la kumshinda mtu. Alisema polepole, si kwetu hasa, "Kwa hiyo sikuwa nakula biskuti."

Kumbe hata yeye alikuwa ameanza kujishuku. Nilimwambia hapana, shemeji, hukula, na nikamwapia kwamba dada atalisikia hilo kutoka kwangu kabla hajaweka sufuria mekoni.

Sasa nifike kwenye lile neno baya nililoahidi. Mama Posta alimwambia, na mimi nilisikia, na kinyozi alisikia, na nadhani hata ile a, e, i, o, u ilisikia: usihame mpaka umwone nesi. Dozi yako imepandishwa kwa sababu ya nundu. Ukiichukua nzima nzima ukaiweka mahali pazima, itaingia yote na kukuangusha. Nenda kliniki kwanza, wakupangie. Alilirudia. Sikio la kufa halisikii dawa. Shemeji alisikia "hama", na hicho ndicho alichokwenda nacho nyumbani.

Kesho yake asubuhi dada alinipigia simu. Hakuwa na hofu, alikuwa na hasira. "Njoo umwone mtu wako," alisema. "Amenuna, hataki kunijibu, anapiga misumari kwenye kochi ambalo limeshakwisha." Nakaa mtaa wa pili. Nilifika nikamkuta amepiga magoti sakafuni, shati limelowa mgongo mzima, mkono unatetemeka, nyundo inapiga pembeni ya msumari, na anabishana na kochi.

"Umedunga wapi?" nikamuuliza.

"Pajani," akasema kwa ulimi mzito. "Pazima. Hakuna nundu."

"Umekula?"

Akatafuta msumari mwingine. Nilimnyang'anya nyundo. "Dada, lete sukari kwenye maji, upesi."

Dada akasimama pale pale. Nyumba ile haikuwa na sukari. Alikuwa ameitupa yote, ya bakuli, ya akiba, hata ya wageni, ili mumewe asiiibe. Nilimwona uso wake ulivyobadilika alipoelewa. Lakini Mama Posta alishatufundisha, tunaotumia dawa za kushusha sukari tusitoke bila sukari ya dharura, na mimi ninayo kwenye mkoba, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni kama ubani. Dada alileta maji, nikakoroga kwa kidole, nikamwinua kichwa.

"Mimi situmii sukari," shemeji akaniambia kwa adabu. "Mama watoto atasema."

"Kunywa," dada akamwambia. Alikuwa analia waziwazi. "Kunywa, baba watoto. Mimi ndiye ninayekwambia."

Akanywa. Tukakaa naye chini kwenye vumbi la sponji, dada amemshika upande mmoja na mimi upande wa pili, na ile nusu saa sitaki kuirudia. Kidogo kidogo jasho likakauka. Mkono ukatulia. Tulimpima, tukampa maji ya sukari mara ya pili, tukampima tena, ikawa imepanda mahali pa salama, naye akaomba chakula kwa sauti yake ya kila siku, yaani ya kulalamika kwamba chakula kimechelewa. Dada akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilipata nguvu ya kumpasha, nikampasha kuanzia pale mpaka kliniki.

Nesi hakupiga kelele. Alilibonyeza lile nundu, akatikisa kichwa, akasema angetamani angelikuta mapema, ila shati la huyu mzee halikuwahi kupanda mbele yake pia. Akaishusha dozi sana, akampa ratiba ya kupima mara nyingi zaidi, na kumwonyesha sehemu za kuzungukia: tumbo pande zote isipokuwa penye nundu, mapaja, kila sindano iachane na iliyotangulia kwa upana wa kidole.

Hapo shemeji akawa shemeji tena. Upana wa kidole haukumridhisha, kwa maana vidole vya watu havilingani. Alikata kigezo cha plastiki, kile cha aina anayokatia mito, akakitoboa matundu kwa safu, akawa anakifuta kwa spiriti, anakiweka tumboni, anadunga safu kwa safu kama anayepiga mshono kwenye mkono wa kochi. Akifika mwisho wa tumbo anahamia paja. Mama Posta alikiona, akamwagiza awakatie wengine, na kinyozi sasa anatembea na chake kwenye mfuko wa shati.

Sukari ilishuka. Haikuporomoka, ilishuka taratibu, na ikakaa. Siku walipopewa majibu ya kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, dada alipita dukani njiani. Alipofika nyumbani akaingia karakanani, akaweka pakiti ya sukari juu ya rafu, katikati ya makopo ya misumari aliyoyapekua.

"Ya dharura," akasema.

"Na usiihesabu," shemeji akamjibu.

Ndio ulikuwa msamaha wao. Mimi sijaona mwingine, na nadhani hawakuuhitaji.

Tarehe ya jicho ilipofika safari hii hawakumrudisha. Dada na mimi tulikaa kwenye benchi la nje mpaka mlango ulipofunguka akatoka kwa miguu yake na jicho limezibwa. Wiki hiyo ilipita. Kitambaa kikatolewa, akapewa dawa ya matone, akaambiwa asiiname wala asinyanyue kitu kizito kwanza. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeishika tangu aliporudishwa ile mara ya pili.

Aliporuhusiwa kurudi kazini nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta amesimama mbele ya kiti cha kinyozi. Alikuwa amekivalisha ngozi mwenyewe kabla ya upasuaji, na kilikuwa kinasubiri kuchukuliwa. Dada alikuwa mlangoni, ameshika ufagio lakini hafagii.

"Nani ameshona hiki?" shemeji akauliza.

Dada akanitazama. Mshono wa mgongo ulikuwa unakwenda kama mtu anayetoka kilabuni, kulia, kushoto, mahali pengine umerudi nyuma.

"Wewe," nikasema.

Akapitisha kidole juu yake, juu mpaka chini. "Kinyozi amekiona?"

"Amekiona. Amesema kizuri."

"Na mito ya Mama Posta? Na lile kochi la watu wa ghorofani?"

"Yote iko hivyo hivyo," dada akasema.

"Mlikuwa mnajua."

"Mtaa mzima ulikuwa unajua."

"Sasa mbona walikuwa wananiletea kazi?"

Dada akaegemeza ufagio ukutani. "Ungekaa ndani tu, ungekuwa unafanya nini?"

Shemeji alibaki ametazama ule mshono kwa jicho lake jipya, na mdomo wake ukacheza kidogo, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kisha akavuta kigoda, akachukua wembe, akaanza kufumua. Alipomaliza mgongo akahamia mikono ya kiti, akimwagiza dada awaambie watu wote walete vitu vyao, hapokei senti ya mtu. Kinyozi alipopita kuchukua kiti chake alikuta kimebaki mbao na springi, na fundi akamfokea kwa kukubali kazi mbovu namna ile, mtu mzima mwenye macho yake mawili. Kinyozi alisimama mlangoni akafokewa mpaka mwisho, anacheka, na hakutaka kuondoka.